Shajara ya Fuso: presha ya dizeli imepotea baada ya sevisi

Jumapili, usiku

Sevisi imeisha saa kumi na moja jioni, gereji ileile ya Tabata, Dar es Salaam, chini ya mwembe uleule. Oili na filta yake, filta ya dizeli, kikombe cha kukusanya maji kimefunguliwa na kuoshwa, filta ya hewa imepulizwa tu maana bado ina uhai. Safari hii niliongeza kazi moja kwa kiherehere changu: nilipita maduka ya Gerezani nikanunua pakiti nzima ya washa za shaba, vile vipete vya kuziba mvujo kwenye bolti, nikamwambia dogo wa spana abadilishe washa zote za njia ya dizeli, kuanzia fidi pampu (kipampu kinachovuta dizeli kutoka tangini) mpaka riteni (njia ya kurudisha dizeli ya ziada tangini). Zile za zamani zilishakandamizwa mpaka zikawa nyembamba kama magamba ya samaki, na pale kwenye filta palikuwa na jasho la dizeli lisilokauka mwaka mzima.

Kwa anayeanza kusoma hapa: gari ni Mitsubishi Fuso Fighter, tipa, injini 6D16, silinda sita za mstari, ukubwa cc 7,545. Pampu ya nozo ni ya mstari, ya kizamani, haina kompyuta wala waya wa kukubabaisha. Tangu tulipoifungua pampu nimeiwekea geji ya presha kwenye chumba chake cha mafuta, pale dizeli inapotulia kabla haijasukumwa kwenda kwenye nozo. Mzee wa pampu, fundi wangu wa pampu hizi, ndiye aliyenishauri. Ukiwa na geji hapo unajua kama pampu inashiba au inalala njaa, na pampu hizi zikilala njaa gari halikwambii mapema.

Namba za siku zote, injini ikiwa ya moto: sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa) bar 1.5, mizunguko 2,000 bar 1.9.

Namba za leo baada ya sevisi: sailensa 0.2, mizunguko 2,000 0.4.

Injini iliwaka mara ya tatu, sauti nzuri, haina moshi, haitetemeki. Nikadhani upepo haujaisha kwenye njia ya dizeli. Tukalegeza skrubu ya upepo, dogo akapiga kile kipampu cha mkono mpaka dizeli ikatoka bila povu, tukawasha tena. 0.2 ileile. Giza likaingia, mbu wa Tabata nao wakaingia, tukafunga.

Jumatatu

Asubuhi nililitoa gari likiwa tupu: Mandela, Ubungo, juu ya daraja, Morogoro Road mpaka Kimara na kurudi. Halikulalamika. Lakini gari tupu halisemi ukweli, kwa hiyo nikamruhusu dereva apakie mchanga wa mteja wa Goba.

Saa sita simu ikalia. "Bosi, gari limekataa mlima. Halijazima. Limekataa tu."

Nilimkuta amepaki pembeni, kaweka majani ya mti nyuma kama alama. Nikapanda naye, tukajaribu upya. Gia ya tatu haiwezi, ya pili linapanda kwa kujivuta kama mtu aliyeamka na homa. Bajaji yenye magunia mawili ya mkaa ilitupita, na mwenye bajaji akatuonea huruma kwa kupiga honi. Mshale wa geji ulikuwa umeshuka chini ya 0.1, umelala kabisa.

Kitu kimoja niliandika palepale: hakuna moshi mweusi. Kama tatizo lingekuwa hewa, tuseme filta ya hewa imeziba, dizeli ingeingia nyingi kuliko hewa na bomba lingetoa weusi. Hapa bomba ni safi na nguvu hakuna. Injini haipati mafuta ya kutosha. Geji na mlima vimesema jambo moja.

Mchanga ulifika Goba saa kumi. Mteja hakufurahi.

Jumanne

Kabla ya kufungua chochote niliishughulikia geji yenyewe, maana geji nazo hufa. Nimeazima nyingine ya mshale kwa fundi jirani, nikazipeleka zote mbili kwa kijana wa pancha, tukazifunga kwenye kompresa yake kwa zamu. Akaweka bar 2, zote zikasoma 2, ya jirani ikizidi kwa unywele. Basi geji yangu si mwongo.

Geji ya jirani sikuirudisha. Niliifunga juu ya kichwa cha filta ya dizeli, penye skrubu ya upepo, ili nipime sehemu mbili kwa wakati mmoja: kabla ya filta, na ndani ya pampu.

Sailensa: kwenye filta 1.8, kwenye pampu 0.2.
Mizunguko 2,000: kwenye filta 2.1, kwenye pampu 0.4.

Gereji nzima ikapata jibu kwa sekunde moja. Filta feki! Presha inafika kwenye filta, haivuki. Hata muuza kahawa aliyekuwa anapita alisema filta feki. Na mimi niliamini, sikatai. Nilishaanza kupanga maneno ya kwenda kumwambia yule muuza duka.

Kilichomwokoa ni kwamba filta ya zamani bado ilikuwa kwenye ndoo ya takataka. Ilifanya kazi vizuri hadi Jumapili mchana, na geji ilikuwa inasoma 1.5 ikiwa imefungwa hiyo. Tukaifuta, tukaifunga, tukatoa upepo.

Sailensa: 1.8 na 0.2.

Namba zilezile, kama zimepigwa muhuri. Filta mpya ikarudi mahali pake na muuza duka hatajua alivyonusurika.

Jumatano

Leo ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kutangaza bei mpya za mafuta, kwa hiyo mazungumzo yote ya kijiweni yalikuwa ya dizeli. Dereva wangu akaja na nadharia ya uchakachuaji, kwamba tumewekewa mafuta ya taa, na mafuta ya taa ni mepesi, hayashiki presha. Kweli ni mepesi. Lakini mchezo ule ulikuwa na faida zamani, mafuta ya taa yalipokuwa rahisi kuliko dizeli, kabla serikali haijapandisha kodi yake mwaka 2011. Siku hizi anayechanganya hana cha maana anachopata. Zaidi ya hapo, dizeli ni ileile ya kwenye tangi tangu Ijumaa, na Ijumaa gari lilikuwa zima.

Hata hivyo nililijaribu tangi, ili nilifute kwenye orodha. Dumu la lita 20 la dizeli safi tumelifunga juu ya kebini kwa kamba ya katani, mpira ukashuka moja kwa moja hadi kwenye fidi pampu. Tangi, bomba la kunyonyea na kikombe cha maji vyote vikarukwa. Kama kulikuwa na mahali upande wa kunyonya panapovuta upepo, hapa pangejulikana. (Upande huo ndio unaosumbua, kwa sababu ufa wake haudondoshi dizeli, unavuta hewa kimyakimya. Ufa wa upande wa kusukuma utauona kwa kiatu chako kulowana.)

Namba: 1.8 na 0.2.

Kilichobaki, kwa akili yangu ya Jumatano, ni mpira unaotoka filta kwenda pampu. Mipira ya zamani hubanduka ndani, ngozi ya ndani ikafunga njia kama kifuniko huku nje inang'aa. Nikanunua mpira mpya, dogo akafungua bolti ya upande wa filta na ya upande wa pampu, hizi zenye tundu katikati ambazo dizeli hupita ndani yake. Nilizishika mwenyewe, nikazisuuza kwenye kopo, nikampa azirudishe na washa mpya. Moja ilikuwa nzito kidogo na kichwa chake kirefu kuliko mwenzake. Niliona. Sikuuliza.

1.8 na 0.2.

Siku ya pili bila tripu. Nimelala saa nane.

Alhamisi

Nimekwenda kumchukua mzee wa pampu kwa bodaboda. Nilipaswa kumwita Jumatatu, ila mtu ukishakuwa na geji mbili unajiona fundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umefungua nini?"

Ndilo swali lake la kwanza kila mara. Hakuuliza gari linafanya nini. Nikamtajia: oili, filta, kikombe, mpira, washa. Aliposikia washa akanitazama.

"Washa zote?"

"Zote mzee. Mpaka riteni."

Hakusema kitu. Aliomba daftari hili, akavaa miwani, akasoma namba za Jumanne na Jumatano kwa kidole. Kisha akaagiza mambo mawili.

La kwanza, mpira wa riteni uchomolewe kwenye bomba la kurudi tangini, uingizwe kwenye chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu. Tukawasha. Dizeli ilitoka kama bomba la mtaa siku maji yametoka, chupa ikajaa kabla dogo hajapata nyingine. Haina povu. "Mafuta yanarudi nyumbani yote," mzee akasema. "Pampu inaachiwa harufu."

La pili, niubane mpira wa riteni kwa plaisi iliyofungwa kitambaa, polepole, huku yeye anatazama geji zote mbili. Nilipoubana, injini ilibadilisha sauti, ikawa nzito kidogo, ile sauti ninayoijua. Geji ya pampu ikapanda: 0.5, 0.9, 1.3, ikatulia 1.6. Nikashangilia. Mzee hakushangilia, alikuwa anatazama geji ya filta. Ilikuwa inasoma 3.2.

"Toa," akasema.

"Nitoe mpira?"

"Toa hesabu, mwanangu. Tatu nukta mbili toa moja nukta sita."

1.6. Na sailensa ya Jumanne, 1.8 toa 0.2: 1.6 vilevile. Na kwenye resi, 2.1 toa 0.4: 1.7.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipopotea siku mbili. Kitu kilichoziba hakina namba yake maalumu. Filta iliyojaa uchafu, au mpira uliobanduka, hukata presha kulingana na mafuta yanayopita: yakipita mengi inakata sana, yakipita kidogo inakata kidogo, yasipopita kabisa presha za pande mbili zinalingana. Nilipoubana riteni, karibu mafuta yote yalisimama. Kama filta ingekuwa imeziba, geji mbili zingekaribiana mpaka zisome kitu kimoja. Hazikukaribiana. Tofauti ilikaa 1.6 mafuta yakikimbia, na 1.6 mafuta yakisimama. Chenye tabia hiyo ni springi. Kati ya filta na pampu kulikuwa na springi, mahali ambapo kiwandani hawakuweka springi yoyote.

Na namba ya pili ilikuwa inasema jambo lake ambalo sikulisikia. Geji ya filta juu na geji ya pampu chini, mimi nilisikia "njia imeziba" tu. Inaweza pia kuwa mbele ya pampu kuko wazi. Mtungi hata ukiujaza kwa bomba la zimamoto, kama chini umetoboka hautajaa.

Mzee akamwambia dogo afungue bolti ya riteni kwenye pampu. Akaiinua juani, akaitazama tunduni, akanipa. Niliona mwanga upande wa pili. Bolti tupu, bomba tu. Ile ya riteni haitakiwi kuwa hivyo: ndani yake hukaa gololi ndogo na springi, na gololi haifunguki mpaka presha ndani ya pampu ifike kama bar moja na nusu. Ndiyo inayozuia mafuta yasikimbilie tangini yote. Ndiyo iliyokuwa inanipa ile 1.5 yangu ya kila siku, na mimi nilidhani ni kazi ya fidi pampu.

"Sasa ya kwake iko wapi?" dogo akauliza.

Mzee akaelekeza kwa kidevu. Ilikuwa kwenye filta, upande wa kutokea, ile nzito yenye kichwa kirefu ambayo jana ilikuwa kiganjani mwangu. Uzi uleule, spana ileile, washa ileile. Jumapili dogo alizifungua zote, akazitia kwenye kopo moja la rangi lenye petroli, akazisugua zikang'aa, akazirudisha kama zilivyomjia mkononi. Na gololi ilikuwa imekaa kwa mwelekeo unaopitisha mafuta, ndiyo maana injini iliwaka. Ingeangukia upande wa kuingilia kwenye pampu, gololi ingefunga njia moja kwa moja, gari lisingewaka, na tungelijua kosa Jumapili hiyohiyo kabla ya mbu.

Mzee alinifundisha kuzitofautisha bila geji. Weka mdomo upande wa uzi, puliza. Bolti tupu inapitisha pumzi kama filimbi. Yenye springi haipiti hata mashavu yakipasuka, kwa sababu mapafu ya mtu hayafiki bar moja na nusu. Nikapuliza zote nne. Mdomo umenuka petroli mpaka wakati wa chakula cha usiku, mke wangu akaniuliza nimekunywa nini.

Dogo alikuwa amenyong'onyea. Sikumgombeza, maana washa zote alibadilisha kama nilivyomwagiza na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba bolti moja kati ya zile ina kitu ndani. Mimi mwenye gari sikujua, na daftari nililo nalo.

Tukabadilishana bolti, washa mpya tena, tukatoa upepo kuanzia filta kuja pampu. Saa kumi na nusu:

Sailensa: filta 1.6, pampu 1.5.
Mizunguko 2,000: filta 2.1, pampu 1.9.

Mzee alikataa hela ya siku nzima, akachukua ya nusu siku na nauli. Soda alikunywa mbili.

Ijumaa

Dereva amepakia mchanga uleule, kiasi kilekile, kwa mteja yuleyule wa Goba, aliyekubali baada ya kubembelezwa kwenye bei. Nimekaa pembeni yake na daftari mapajani. Mlima uliotukataa Jumatatu: gia ya tatu, mguu chini, geji 1.7 na haikushuka chini ya 1.6 mpaka juu. Tulimpita mtu wa bajaji. Sijui kama ni yuleyule, ila dereva alipiga honi.

Tatizo dogo limebaki. Bolti ya riteni inalia tone moja kila baada ya dakika kadhaa. Washa ile ilikaa kwenye uso wenye mkwaruzo, nadhani kutokana na spana ya Jumapili. Nitaupitisha kwenye msasa laini uliolazwa juu ya kioo kesho, kisha washa nyingine. Pakiti imebakiza tatu.

Geji ya jirani imerudishwa.

Jumamosi

Msasa umepita, tone limekoma. Nimeegesha nusu saa injini ikiunguruma, gazeti likiwa chini yake, gazeti kavu.

Bolti yenye springi nimeipaka kichwani rangi ya kucha nyekundu ya binti yangu, mikono miwili ya rangi, na doa moja kwenye pampu pembeni yake. Anadai chupa mpya. Dogo ameleta mwenyewe kipande cha ubao, amekitoboa matundu kwa mpangilio wa bolti jinsi zinavyokaa kwenye gari, ili kila inayofunguliwa iwe na tundu lake. Kwenye tundu moja ameandika kwa kalamu ya mbao: YA MZEE.

Kesho kutwa kokoto za Lugoba, mzigo kamili, na tutapita mzani wa Vigwaza. Nitaandika namba za geji njiani. Kazi inayofuata ni silinda ndogo ya klachi, imeanza kulowa.